Herufi 14: jinsi uamuzi mdogo wa Unix ulivyowabana watu wa kompyuta za mezani

Hebu fikiria umeandika ripoti mbili. Ya kwanza umeiita ripoti_ya_mwezi_januari, ya pili ripoti_ya_mwezi_februari. Umehifadhi zote, ukaenda kulala. Asubuhi unakuta faili moja tu, linaitwa ripoti_ya_mwez, na ndani yake mna Februari peke yake. Januari imepotea. Hakuna virusi, diski haijaharibika, na kompyuta haikukuonya chochote.

Mambo kama hayo yangeweza kumkuta mtumiaji wa Minix mwishoni mwa miaka ya 1980. Minix ilikuwa mfumo mdogo wa aina ya Unix ulioandikwa na Andrew Tanenbaum, profesa wa Vrije Universiteit mjini Amsterdam. Aliutoa mwaka 1987 ili wanafunzi wajifunze kwa kompyuta ya kawaida aina ya IBM PC. Jina la faili lilikuwa na herufi 14, basi. Ukizidisha, ziada inakatwa kimyakimya.

Kwa nini 14, na siyo 10 au 20? Hapa inabidi turudi nyuma kidogo, hadi maabara za Bell huko Marekani, ambako Ken Thompson na Dennis Ritchie walitengeneza Unix. Katika miaka ya 1970 walikuwa wakitumia mashine za PDP-11, ambazo kumbukumbu yake ilikuwa ndogo mno. Kwao folda ilikuwa orodha tu, na kila mstari wa orodha ulichukua baiti 16: baiti 2 za namba ya faili, na 14 zilizobaki za jina. Kipande cha diski cha baiti 512 kilibeba mistari 32 kamili, bila mabaki. Hesabu safi, programu fupi, na kutafuta jina ikawa kazi rahisi.

Tanenbaum alifuata mpango huohuo, na kwa sababu ya maana: alitaka mfumo ambao mwanafunzi anaweza kuusoma wote akauelewa. Kwenye diski alitumia namba za biti 16 kuhesabu vipande vya kilobaiti 1. Namba hizo zinaishia kwenye vipande 65,536, yaani megabaiti 64. Kumbuka Minix iliweza kuendeshwa hata kwenye mashine isiyo na diski kuu, yenye diski laini tu. Nani angelalamika kuhusu megabaiti 64?

Walalamikaji walikuja. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alianza kuandika Linux akiwa kwenye kompyuta yenye Minix. Ili mifumo yote miwili isome diski moja, alitumia mfumo wa mafaili wa Minix, na mipaka yake akairithi. Wakati huo diski zilikuwa zinakua haraka. Mwenye diski ya megabaiti 120 ilimbidi aikate vipande viwili au zaidi.

Aprili 1992, Rémy Card alileta mfumo mpya ulioitwa ext: majina hadi herufi 255, diski hadi gigabaiti 2. Tatizo limekwisha? Bado. Ext iliweka nafasi tupu za diski kwenye mnyororo, na kadiri ulivyotumia kompyuta, mnyororo ulivurugika, mafaili yakatawanyika, kasi ikashuka. Januari 1993 ikaja ext2. Hii iliazima mawazo ya Unix ya Berkeley, ambayo tangu 1983 ilikuwa na majina ya herufi 255: vipande vya faili moja viwekwe karibukaribu, na nafasi tupu ziwekewe ramani. Jambo kubwa zaidi, waandishi wake waliacha nafasi kwa ajili ya mabadiliko ya baadaye. Ndiyo maana ext3 ilipokuja, watu waliweza kuhamia bila kufuta diski zao.

Tusiwacheke waliochagua 14. Walikuwa na baiti chache na walizitumia vizuri. Ila mpaka unaowekwa kwenye diski haufi kirahisi, maana data ya watu iko humo. Hata ext2 ilihifadhi saa kwa biti 32, na saa ya Unix ya namna hiyo inafika mwisho tarehe 19 Januari 2038. Kwa hiyo ukiandika programu leo, jiulize: ni nani atakayegonga kwenye ukuta wako, na je, mashine itamwambia, au itakata kimyakimya?