Zulia la Ardabil

Wasikilizaji wetu, kila mmoja wetu ajua kazi ya mkeka au busati: hutandikwa chini, nasi tukavua viatu tukaketi. Leo twapenda kueleza habari za zulia moja la Uajemi, nchi iitwayo sasa Iran, lililopelekwa Ulaya likatundikwa ukutani.

Zulia hilo lilifumwa kwa ajili ya kaburi la Sheikh Safi al-Din, katika mji wa Ardabil. Urefu wake wapita mita 10, na upana mita 5. Nyuzi za msingi ni za hariri, na mafundo ni ya sufu. Upande mmoja limefumwa jina la Maqsud Kashani na mwaka 946 wa Hijra, yaani 1539 au 1540.

Nalo lilikuwa na pacha wake. Katika karne ya 19 yote mawili yaliuzwa, yamekwisha kuchakaa. Basi moja likakatwa, vipande vyake vikatiwa viraka katika la pili, lipate kuonekana zima. Hilo zima lilinunuliwa mwaka 1893 kwa pauni 2,000 na makumbusho ya London yaitwayo sasa Victoria and Albert, baada ya fundi mashuhuri William Morris kulisifu mno. Lile lililokatwa liko Los Angeles, Marekani, wala halina pindo lake.

Huko London watu walizoea kulitazama wamesimama, kama watazamavyo picha. Tazameni hasara yake. Katikati zimefumwa kandili mbili, moja kubwa na moja ndogo. Wako wasemao kwamba mtu aketiye karibu na ile ndogo huziona zote sawa. Wengine husema fundi aliacha kasoro kwa kusudi, kwa kuwa ukamilifu ni wa Mungu peke yake. Lakini atazamaye ukutani atajuaje macho ya aliyeketi chini?

Hata mwaka 2006 makumbusho yalilitandika chini, ndani ya kioo, na taa zake huangazwa kwa dakika chache kila nusu saa, rangi zisififie.

Twashukuru kwamba limehifadhiwa. Lakini makumbusho hufundisha hata kwa namna ya kuweka kitu. Basi mkiona kazi ya kale humo, ulizeni kwanza: ilikaa wapi, na watu waliitumiaje?