Foto moja kwa siku: michezo ya mtoto katika telefone ya mzazi

Katika nyumba nyingi za Fizi na Baraka, ukimuomba mtu wa miaka thelathini na kitu akuonyeshe foto yake ya utoto, hana. Vita ya 1996 iliwakuta watu shambani na sokoni. Wengi walivuka ziwa kwenda Kigoma na mtoto mgongoni, na albamu ilibaki. Waliokuwa kambini Nyarugusu na Lugufu walianza kurudishwa kwa meli mpaka Baraka mwaka 2005, na wengi hawakukuta kitu ndani ya nyumba. Kisha ziwa lenyewe likapanda, 2021 na tena 2024, maji yakaingia katika nyumba za kando.

Leo telefone yenye kamera si kitu cha ajabu tena. Ndiyo maana tunaeleza hapa zoezi ambalo mzazi yeyote anaweza kulifanya: kupiga foto moja kila siku ya mtoto mdogo akiwa anacheza, mwaka mzima.

Zoezi lenyewe si jipya. Jamie Livingston, mtu wa New York, alipiga foto moja ya Polaroid kila siku tangu tarehe 31 mwezi wa tatu 1979 mpaka siku aliyokufa, tarehe 25 mwezi wa kumi 1997. Zilipita 6 000. Nyingi ni mambo ya kawaida tu: marafiki, chakula, barabara.

Na kwa nini mchezo? Kwa sababu sikukuu tayari tunazipiga. Ubatizo, arusi, kumaliza darasa: mtoto amesimama wima, nguo mpya, hacheki, utafikiri yuko kwenye paredi. Huyo si mtoto unayeishi naye.

Hapa kwetu mtoto hanunuliwi sana vitu vya kuchezea, anavitengeneza. Boksi ya sardini na vifuniko vinne vya chupa, tayari ni gari. Sashe zilizofungwa kwa kamba ni mpira. Kando ya ziwa, sandale iliyokatika inakuwa mtumbwi, na kipande cha chandarua kinakuwa wavu wa ndagala. Msichana mdogo anaangalia dada zake wakicheza nzango, kisha anarukaruka peke yake nyuma ya nyumba, miguu haifuati hesabu. Mwingine anafunga bidoni ndogo mgongoni kwa kitenge: huyo ndiye mtoto wake, na analia usiku.

Ukipiga siku kwa siku, utaona mambo ambayo jicho linapita juu yake. Mwezi huu anacheza peke yake, mwezi ujao anamwita jirani. Utaona pia siku ambazo hakucheza. Mtoto aliyeacha kucheza, mwili moto, asingoje foto ya kesho: apelekwe kwenye kituo cha afya, maana malaria katika eneo letu haibembelezi.

Watoto wanaiga wakubwa: motari, mvuvi, mama wa soko. Wanaiga hata bariere. Fimbo mbili, kamba imevutwa barabarani, na mdogo mwenye bunduki ya mti anadai franka kwa wapita njia. Wazazi wengine wanaona haya kupiga foto ya namna hiyo. Mimi naona ipigwe, kwa sababu ndiyo mambo mtoto anayoyaona, lakini ibaki nyumbani. Bunduki ya mti katika foto ndogo inaweza kuonekana ya kweli, na katika eneo ambalo makundi yenye silaha yameingiza watoto, huwezi kujua nani ataitazama.

Namna ya kupiga si ngumu. Chuchumaa mpaka kamera ifike kwenye macho ya mtoto. Usimwambie "tazama huku", mchezo utakufa palepale. Asubuhi na kuanzia saa kumi jioni mwanga ni mzuri. Saa sita mchana, zaidi kando ya ziwa, uso unakuwa mweusi, basi mfuate kivulini. Piga tatu ao ine, jioni chagua moja, nyingine futa. Siku ukisahau, endelea kesho. Na majini weka telefone mfukoni: macho yawe kwa mtoto.

Juu ya kutuma kwa watu, kuwa mgumu. Mtoto akiwa anaoga ziwani, usipige. Watoto wa jirani, uliza wazazi wao kwanza; na kwa familia za wakimbizi wa Lusenda ao Mulongwe, uliza mara mbili. Angalia pia nyuma ya mtoto: askari ao kambi ya jeshi ikionekana, foto hiyo inaweza kukuletea maswali barabarani. Katika mipango ya kamera, zima sehemu inayoandika mahali foto ilipopigwa. Mapatano ya haki za mtoto ya 1989, ambayo inchi yetu iliyakubali 1990, yanataja haki ya kucheza katika kipengele cha 31, na maisha ya faragha ya mtoto katika cha 16.

Kazi ambayo watu wanaiacha ni kuhifadhi. Foto 365 za mega tatu tatu zinafika giga moja hivi, karte ndogo ya telefone inazibeba bila shida. Lakini telefone inaibiwa, inaanguka majini. Toa kopi, umpe ndugu anayeishi mji mwingine. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama faili ya hati, sivyo foto inapunguzwa na ukiichapa kubwa haitoki vizuri.

Kila mwezi chapa moja kwa mpiga foto wa mjini. Kumi na mbili kwa mwaka zinaingia katika bahasha ndani ya plastiki iliyofungwa vizuri, pamoja na karatasi za kuzaliwa, zile ambazo mtu anazichukua wa kwanza akikimbia. Nyuma ya kila moja andika tarehe, mahali, na jina la mchezo kama mtoto mwenyewe anavyouita. Jina hilo muulize siku ile ile, kesho ameshaligeuza.