Kioo Kisicho Kioo

Kipande kilinigonga kwenye helmeti nikiwa karibu na Rironi, nikirudi Nairobi jioni. Hakikuwa kikubwa, kama kiganja hivi, lakini mlio wake ulikuwa wa jiwe kutua juu ya mabati. Nilipunguza mwendo nikasimama kando ya barabara, mikono ikitetemeka. Kioo cha mbele cha nduthi yangu kilikuwa kimepasuka kuanzia kwenye tundu la skrubu hadi juu, na kona nzima imeenda na upepo. Kama ningekuwa nimefungua helmeti mbele nipate hewa, vile huwa nafanya, leo ningekuwa naandika haya kwa jicho moja.

Kosa lilikuwa langu. Wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa nimebadilisha kioo hicho mwenyewe, kwenye parking ya ploti, nikifuata video kwenye simu. Skrubu moja ilikuwa na tabia ya kulegea. Nikaipaka ile gundi ya kuzuia nati zisilegee, nikakaza hadi mkono ukauma. Nikajiona fundi.

Nilitaka kujua kwa nini kilipasuka. Jibu lilinirudisha nyuma karibu miaka mia.

Tunakiita kioo kwa mazoea tu. Mwaka 1933, Otto Röhm wa Darmstadt, Ujerumani, alisajili jina Plexiglas. Hiyo ilikuwa plastiki ya akriliki, angavu kama kioo lakini nyepesi zaidi. Waingereza nao walikuwa na yao, Perspex, ya kampuni ya ICI. Vita vya Pili vya Dunia vilipofika, plastiki hii ndiyo iliyofunika vichwa vya marubani kwenye ndege za kivita kama Spitfire. Risasi zikiipiga, vipande viliruka hadi machoni mwa rubani. Daktari wa macho wa London, Harold Ridley, aliona jambo la ajabu: vipande hivyo vilikaa ndani ya jicho bila jicho kuvikataa. Mwaka 1949 akamwekea mgonjwa lenzi iliyotengenezwa kwa plastiki ya aina hiyo. Kwa hivyo shosho yako aliyetolewa mtoto wa jicho akawekewa lenzi, hadithi yake na ya kioo cha nduthi yangu zinatoka nyumba moja.

Mwaka 1953 ikaja plastiki nyingine, polikaboneti. Hermann Schnell wa Bayer, Ujerumani, na Daniel Fox wa General Electric, Marekani, waliifikia mwaka huo huo, kila mtu kivyake. Hii ni ngumu kweli. Unaweza kuigonga kwa nyundo na isivunjike. Lakini plastiki hizi zote mbili zina udhaifu mmoja: zikiwa zimebanwa sana mahali, halafu zikaguswa na kemikali isiyofaa, zinaanza kupata nyufa nyembamba kama unywele. Petroli inaweza kufanya hivyo. Sabuni za madirisha zenye amonia pia. Na ile gundi yangu ya nati pia. Nilikuwa nimekibana kioo halafu nikakipa sumu.

Tukija kwenye umbo, nalo lina kesi yake. Miaka ya hamsini, timu za mbio za pikipiki Ulaya zilikuwa vitani na upepo. Mwaka 1950 Moto Guzzi walijenga handaki la upepo kiwandani kwao Mandello del Lario, Italia, ambapo pikipiki nzima ilipulizwa hewa pamoja na dereva wake. Wakaanza kuzifunika pikipiki mbele kabisa, gurudumu likiwa ndani, hadi watu wakaziita mapipa ya taka. Zilikwenda kasi sana, lakini upepo wa ubavuni ukizikamata zilisukumwa kama tanga. Shirikisho la mbio, FIM, likazipiga marufuku kuanzia msimu wa 1958. Tangu hapo gurudumu la mbele likaachwa wazi, na dereva akatakiwa aonekane kutoka ubavuni.

Umbo lililobaki ndilo lililoshuka hadi barabarani. BMW R100RS ya 1976 ilichongwa kwa msaada wa handaki la upepo la Pininfarina. Mwaka 1985 Suzuki wakaleta GSX-R750, pikipiki ya mbio yenye taa na namba ya usajili. Kioo cha pikipiki za namna hii ni kifupi kwa sababu kilichorwa kwa mtu aliyelala kifudifudi juu ya tangi. Mimi nikiwa kwenye jam ya Waiyaki Way nimekaa wima, upepo unaopanda juu ya kioo unaniishia kifuani.

Kioo kipya nilikinunua Kirinyaga Road, ile wazee wanayoita Grogan bado. Safari hii anko wangu, aliyefanya kazi ya lori miaka mingi, alikuja akaketi kwenye jerikeni kunitazama.

"Anko, hizi nati mbona za mpira?" nikamuuliza.

Alichukua moja akaifinya. Ni mpira wenye nati ndogo ya shaba ndani yake. Ukikaza skrubu, mpira unafura upande wa nyuma na kushika.

"Huo mpira unameza mtikisiko, kijana wangu. Na plastiki ikipata jua hupanuka, lazima iwe na pa kwenda. Wewe uliifunga kama gurudumu la lori."

Tukaanza upya. Skrubu zote ziliingizwa nusu kwanza, hakuna iliyokazwa. Nikahakikisha kila tundu limelingana na mwenzake bila kulazimisha. Nati moja ya mpira ikawa inazunguka pamoja na skrubu, anko akaishika kwa nyuma na plaisi. Halafu nikakaza kidogo kidogo, kushoto na kulia kwa zamu, nikishika bisibisi kwa vidole viwili. Gundi ilibaki kwenye droo. Mwisho nikaosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida ya vyombo.

"Sasa je, ikilegea?" nikauliza.

"Utaikagua kila Jumapili. Kwani unaenda wapi Jumapili?"

Jumapili iliyofuata nilishuka chini na bisibisi. Skrubu ya kushoto ilikuwa imelegea robo mzunguko. Nikairudisha kwa vidole viwili.