Fuvu, Rungu na Mkono wa Fundi: Elimu ya Mifupa katika Nchi ya Wakurya

Mwili wa mtu mzima una mifupa 206, na katika hiyo fuvu lina 22. Mifupa ya mikono na miguu hukutana kwenye viungo vinavyokunjwa na kukunjuliwa. Ile ya fuvu imeshikamana kwa mishono isiyosogea, isipokuwa taya la chini tu. Avunjikaye mguu huchechemea. Lakini apasukaye fuvu, mwendo wa mwili wake wote umo hatarini, kwa kuwa ndani ya sanduku hilo ndimo itokamo amri ya kila kiungo.

Katika nchi ya Tarime na Serengeti, jambo hilo halikungoja vitabu ili lijulikane. Wakurya, pamoja na ndugu zao Wagusii walio ng'ambo ya mpaka nchini Kenya, walikuwa na mafundi wa kupasua kichwa. Kwa Kigusii fundi huyo huitwa omobari. Mtu aliyepigwa rungu au jiwe, akabaki na maumivu yasiyokoma, alipelekwa kwake. Fundi aliichana ngozi ya kichwa na kuifunua, kisha akaukwangua mfupa polepole kwa chuma, mpaka ufa utoweke au uonekane utando uufunikao ubongo. Hapo mkono ulisimama, maana kuutoboa utando huo ni kuyaita mauti. Kazi hii ilirithishwa katika jamaa. Wahenga walinena kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Miaka ya 1950 daktari Mkanada Edward Margetts, aliyefanya kazi Nairobi, aliichunguza kazi ya mafundi wa Kigusii na kuiandika, wala hakuipuuza.

Ugumu wa kazi hiyo haukuwa katika kukata tu, bali katika kutambua. Mshono wa fuvu na ufa wa jeraha hufanana. Katika maandiko ya kale ya Kiyunani yaliyohifadhiwa kwa jina la Hippocrates, tabibu anakiri kwamba alidanganywa na mishono, akachelewa kumpasua mgonjwa aliyehitaji kupasuliwa, na mgonjwa akafa. Yafaa kumheshimu tabibu anayeandika kosa lake ili wenzake wasilirudie.

Nasi tuwe wakweli vivyo hivyo. Mafundi wetu waliupataje uzoefu huo? Waliupata kwa wingi wa vichwa vilivyopasuliwa katika wizi wa ng'ombe, magomvi ya mipaka ya ardhi na mapigano ya koo. Jeraha ndilo lililokuwa shule yao. Kisha, baada ya Vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979, bunduki zilizidi kuingia katika wizi wa mifugo. Rungu huacha ufa unaoweza kukwanguliwa. Risasi hupita mfupa na utando pamoja, na chuma cha fundi hakina la kufanya.

Mwaka 1962 Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika Mara hiyo hiyo, aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ili tuyatafute yaliyo bora katika mila zetu. Kutafuta ni kuchagua. Tuutunze utulivu wa mkono ule, na kumbukumbu ya wazee waliojua mahali pa kukomea. Lakini tusikihifadhi kisu kisichochemshwa, wala tusimwache aliyeumia kichwa nyumbani wakati hospitali ipo na tangu mwaka 1996 Taifa lina Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili. Zaidi ya yote, tusiusifu ufundi huku tukiyanyamazia magomvi yaliyouzaa. Sifa kuu ya Tarime na Serengeti itakuja siku ile fundi wa vichwa atakapoketi mlangoni pake tangu asubuhi hadi jioni, asiletewe mtu.