Kosa Linaporudi Nyuma: Historia ya Mtandao Uliojifunza Kusoma Tarakimu

Insha hii inauliza swali la kihistoria, ingawa mada yake inatoka katika hisabati. Kwa nini mbinu iliyokwisha kuandikwa mwaka 1970 ilichukua karibu miaka 20 kabla ya kuiwezesha kompyuta kusoma picha? Mbinu hiyo ni bakipropagesheni, yaani kurudisha kosa nyuma, na mtandao ninaouzungumzia ni mtandao wa konvolusheni. Sisi wanafunzi tumezoea kusimuliwa kwamba mbinu hii ilizaliwa mwaka 1986 mikononi mwa watu watatu. Naona masimulizi hayo ni mafupi mno. Hata hivyo, mtu hawezi kuandika historia ya jahazi bila kujua tanga linafanya kazi gani, kwa hiyo nitaeleza historia na hesabu kwa pamoja.

Mwaka 1958 Frank Rosenblatt wa Marekani alichapisha makala kuhusu pasepitroni, mashine iliyojifunza kwa kurekebisha uzani wa miunganiko yake kila ilipokosea. Ilikuwa na tabaka moja tu la uzani wa kujifunza. Mwaka 1969 Marvin Minsky na Seymour Papert walionyesha kihesabu kwamba tabaka moja haliwezi kutatua hata maswali mepesi, kama vile kutambua kwamba kati ya vitu viwili ni kimoja tu kilicho kweli. Dawa ilijulikana: kuongeza matabaka. Tatizo lilikuwa lawama. Jibu la mwisho likiwa na kosa, tabaka la katikati ambalo halikuonekana na mtu lilaumiwe kwa kiasi gani?

Hapa ndipo historia inapochekesha. Mwaka 1970, katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Seppo Linnainmaa aliandika tasnifu ya uzamili kuhusu makosa madogo yanayotokea kompyuta inapokadiria namba, na jinsi yanavyojikusanya katika hesabu ndefu. Ili kuyafuatilia, alianzia kwenye jibu na kurudi nyuma hatua kwa hatua akitumia kanuni ya mnyororo ya kalkulasi. Hiyo ndiyo hesabu ya bakipropagesheni, lakini yeye hakuwa akishughulikia mitandao ya neva. Mwaka 1974 Paul Werbos alieleza njia kama hiyo katika tasnifu yake ya uzamivu huko Harvard. Ndipo mwaka 1986 David Rumelhart, Geoffrey Hinton na Ronald Williams walipochapisha makala yao katika jarida la Nature, wakionyesha kwamba matabaka ya katikati hujitengenezea yenyewe maelezo yenye maana kuhusu data. Kwa maoni yangu, mchango wao mkubwa ulikuwa kuushawishi ulimwengu wa wataalamu. Hesabu yenyewe ilikuwepo.

Picha nazo zilikuwa na historia yao. Kuanzia mwaka 1959 David Hubel na Torsten Wiesel walichunguza ubongo wa paka, wakakuta seli zinazoitikia mistari yenye mwelekeo fulani katika sehemu ndogo tu ya kile jicho linachokiona. Kutokana na kazi hiyo, Kunihiko Fukushima wa Japani alibuni Neocognitron, iliyochapishwa mwaka 1980. Kichujio kimoja kidogo kilipitishwa kila mahali kwenye picha kutafuta umbo lilelile. Umbile la mtandao wa konvolusheni lilikuwa limekamilika kwa sehemu kubwa, ila mtandao huo haukujifunza kwa kurudisha kosa nyuma. Basi Helsinki palikuwa na hesabu bila jicho, na Japani palikuwa na jicho bila hesabu hiyo.

Aliyeviunganisha kwa mafanikio yaliyoonekana na wengi ni Yann LeCun, Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi na wenzake katika maabara ya AT&T Bell, Marekani. Makala yao ya mwaka 1989 ilihusu tarakimu za misimbo ya posta zilizoandikwa kwa mkono kwenye barua halisi. Ili kuuona uzito wa hatua hiyo, tuchukue mfano mdogo wa kukokotoa kwa kalamu.

Tuseme picha yetu ni mstari wa pikseli tatu: 1, 2, 0. Kichujio kina uzani wa namba mbili: 3 na 1. Kikikaa juu ya pikseli mbili za kwanza, kinatoa 1×3 + 2×1 = 5. Kikisogea hatua moja, kinatoa 2×3 + 0×1 = 6. Tuseme majibu sahihi yalikuwa 4 na 8. Kosa la kwanza ni 1, yaani tumezidisha. La pili ni −2, yaani tumepunguza.

Sasa tugawe lawama. Uzani wa kwanza, ile 3, ulitumika mara mbili: mara moja na pikseli 1, mara nyingine na pikseli 2. Kwa hiyo unabeba lawama kutoka pande zote mbili: 1×1 + 2×(−2) = −3. Uzani wa pili unabeba 2×1 + 0×(−2) = 2. Tukirekebisha kila uzani kwa sehemu moja ya kumi ya lawama yake, kwa kuelekea upande wa pili, 3 inakuwa 3.3 na 1 inakuwa 0.8. Tukikokotoa upya, majibu ni 4.9 na 6.6. Yote mawili yamesogea kuelekea 4 na 8. Haba na haba hujaza kibaba: hatua hiyo ikirudiwa mara nyingi, kosa linazidi kupungua.

Kama kuna tabaka jingine nyuma, lawama huendelea kurudi kwa kupitia kichujio kilekile. Pikseli ya katikati ilichangia majibu yote mawili, hivyo inapokea 1×1 + 3×(−2) = −5, na kiasi hicho kinakabidhiwa kwa tabaka lililoizalisha.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kichujio kimoja kinajumlisha lawama kutoka kila mahali kilipopita. Hapo ndipo faida ya mwaka 1989 ilipotokea. Tabaka la kwanza la mtandao wa LeCun lilikuwa na miunganiko 19,968, lakini namba za kujifunza zilikuwa 1,068 tu. Mtandao mzima ulikuwa na miunganiko 64,660 na namba huru 9,760. Picha za kufundishia zilikuwa 7,291. Kama kila muunganiko ungekuwa na uzani wake, picha hizo zingekuwa chache mno, na mtandao ungeweza kukariri badala ya kujifunza. Ulifundishwa kwa siku tatu, kisha ukapimwa kwa picha 2,007 ambazo haukuwahi kuziona, ukakosea asilimia 5.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili. Hesabu ya kurudisha kosa peke yake haikutosha. Ilihitaji umbile linalopunguza namba za kujifunza, data halisi iliyokusanywa na kupewa majina, na kompyuta yenye nguvu. Somo hilo lilijirudia mwaka 2012, pale Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Hinton waliposhinda shindano la ImageNet. Mtandao wao ulikuwa na namba takriban milioni 60 na ulifundishwa kwa picha milioni 1.2, lakini njia ya kugawa lawama ilikuwa ileile.

Jambo hili linatuhusu hata sisi wa Afrika Mashariki. Hapa Uganda, watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere walishiriki kukusanya picha za majani ya muhogo kutoka mashambani, na mwaka 2019 picha 9,436 zilizopewa majina zilitumika katika shindano la kimataifa la kutambua magonjwa kama batobato na michirizi ya kahawia. Mtandao hauwezi kurudisha kosa mpaka kwanza mtu anayeujua muhogo aseme jibu sahihi ni lipi. Katika mfano wangu nilitoa 4 na 8 kana kwamba zimeshuka kutoka mbinguni. Shambani, namba hizo ni maarifa ya mkulima na mtaalamu wa mimea.

Kwa kuhitimisha, tukiisimulia historia hii kama kazi ya mashujaa watatu wa mwaka 1986, tunamsahau mwanafunzi wa uzamili wa Helsinki, na pia tunawasahau watu waliokaa kuandika majina ya maelfu ya picha moja baada ya nyingine. Wanafunzi wenzangu wanaotaka kuchangia fani hii wasidhani kwamba mlango pekee ni kuvumbua kanuni mpya. Kusema kwa uhakika jani hili lina ugonjwa gani ni sehemu ya historia hiyohiyo, na kazi hiyo bado haijaisha.