Kipafu, Wala Si Homa ya Mapafu

Lipo bango la afya linaloonekana siku hizi katika baadhi ya zahanati za huku kwetu Kasulu, lenye kichwa kisemacho: "Itambue Homa ya Mapafu Ipatikanayo Katika Jamii." Karatasi ni nzuri, mama na mtoto wamechorwa kwa ustadi, na nembo zimepangwa chini kama ilivyo ada. Ubaya uko kwenye maneno. Aliyetafsiri aligeuza neno baada ya neno, na sasa msomaji anaarifiwa kwamba ugonjwa huu unapatikana katika jamii, kana kwamba umeingia dukani jana. Kwamba waliokusudia walitaka kusema ugonjwa ulioambukizwa mtaani, si ule unaompata mgonjwa akiwa amelazwa wodini, hilo msomaji ameachiwa alibunie mwenyewe.

Mtafsiri simlaumu sana. Alitumia alichopewa, na alichopewa ni "homa ya mapafu", istilahi ambayo waungwana wa kamati ya kusanifisha maneno waliipitisha, wakaichapa, na hawataki tena kusikia habari zake. Mimi siikubali, na nimewaandikia kuwaeleza sababu. Jibu lao lilisema kwamba pendekezo langu "limepokelewa". Wanaoijua lugha ya maofisini wanaelewa maana ya kupokelewa.

Kosa la kwanza limo katika neno homa lenyewe. Waarabu walitupa humma, yaani joto la mwili la mgonjwa, na wazee wa pwani walilipokea bila kulijeruhi. Waliokuja baadaye na mihuri ndio waliolitumikisha kupita kiasi. Shika kiungo chochote cha mwili, kitangulizie neno homa, istilahi imekamilika: homa ya ini, homa ya matumbo, homa ya uti wa mgongo, homa ya mapafu. Bado figo na kongosho, ambazo nadhani zimo katika ajenda ya kikao kijacho. Mtu anaweza kuishi miaka mingi na virusi vya homa ya ini aina ya B bila joto lake kupanda hata siku moja, lakini kwa mujibu wa istilahi ana homa.

Na mapafu ni vivyo hivyo. Muulize muuguzi yeyote aliyezoea wodi ya watoto. Mtoto mchanga wa wiki tatu, mtoto aliyedhoofishwa na utapiamlo, au mzee aliyekwisha nguvu, anaweza kuwa na mapafu yaliyojaa usaha na majimaji huku ngozi yake ni ya baridi. Ugonjwa umepewa jina la dalili ambayo pengine haipo, na mara nyingi haipo kwa hao hao walio karibu zaidi na kaburi.

Huku kwetu kosa hilo lina gharama yake. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa 2017 uliukuta Mkoa wa Kigoma ukiongoza Tanzania Bara: karibu mtoto mmoja kati ya wanne wa chini ya miaka 5 alikuwa na vimelea. Kwa mama wa Heru Juu au Muhinda, homa na malaria ni kitu kimoja, na dawa ya homa ni dawa mseto ya malaria. Mwambie mwanawe ana homa ya mapafu. Neno la kwanza litakuwa limeshampeleka duka la dawa kabla hajasikia la tatu. Jina la ugonjwa humwonyesha mgonjwa pa kwenda. Tunao ushahidi mbaya zaidi katika kimeo. Kwa kuwa kikohozi kisichokwisha cha mtoto kilipachikwa jina la kile kinyama kinachoning'inia kooni, watoto wengi wa nchi hii wamepelekwa kwa mtu mwenye wembe wakakatwa kimeo, na kikohozi kikabaki palepale kwenye mapafu kilikokuwa.

Isitoshe, homa haivuki hata mpaka wa Namanga ikiwa salama. Mkenya akikwambia ana homa, mara nyingi anakwambia ana mafua. Kwa hiyo istilahi tunayoambiwa ni sanifu kwa Afrika Mashariki nzima inamfanya msomaji wa Nakuru afikirie kamasi.

Kisha kuna ng'ombe. Wataalamu wa mifugo wanao ugonjwa wao wauitao homa ya mapafu ya ng'ombe, unaoletwa na bakteria wa jamii ya mikoplasma, na wanao wa mbuzi pia. Kwa heshima ya ukweli niseme kwamba nchi hii ina historia ndefu na ugonjwa huo: bakteria waliotumika kutengeneza chanjo ya ng'ombe iitwayo T1/44 walitolewa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakapitishwa kwenye mayai mara 44 hadi wakapungua ukali. Kwa hiyo likitolewa tangazo kwamba homa ya mapafu imeingia wilayani na minada imefungwa, mfugaji anaelewa vizuri kabisa. Wiki inayofuata redio hiyo hiyo ikimwambia amwangalie mwanawe asipatwe na homa ya mapafu, ana haki ya kuuliza kama mtoto aliambukizwa zizini.

Wapo watakaosema: basi tuseme nimonia tuyamalize. Nakubali kwamba ndilo neno linalosemwa. Ukiingia Hospitali ya Kabanga au kituo cha afya chochote utasikia "mtoto ana nimonia", na mama atalirudia nyumbani bila kuligusa. Lakini neno hilo halimwambii kitu. Limetoka kwenye Kigiriki likapitia Kiingereza, likadondosha sauti yake ya kwanza njiani, na huku kwetu halijaamua hata liandikweje: nimonia, numonia, nyumonia, zote nimeziona zimechapwa, mbili kati yake katika kitabu kimoja. Kwa wengi waliolipokea, nimonia ni baridi iliyomwingia mtoto kifuani kwa kutofunikwa sweta, na asubuhi zetu za Juni zenye ukungu zinawathibitishia hivyo kila mwaka. Bakteria, virusi na moshi wa kuni jikoni havimo kabisa katika maelezo.

Wengine, na hawa nawaheshimu zaidi, hulitetea kichomi. Ni neno la nyumbani, limetokana na kuchoma, na linaeleza vyema yale maumivu ya ubavuni yanayomkata mtu pumzi kila akivuta hewa. Jirani zetu Warundi, wakiwemo wale waliopata hifadhi katika kambi za Nduta na Nyarugusu, nao wana neno lao la nyumbani, umusonga, na hawakungoja kikao cha mtu yeyote. Shida ya kichomi ni kwamba kinahitaji mgonjwa awe na mdomo wa kusema. Mtoto wa miezi minne hawezi kumwambia mama yake kwamba anachomwa ubavuni. Na mwanafunzi aliyekimbia mbio za mita 1500 akashika mbavu naye anasema ana kichomi, kumbe hana ugonjwa wowote. Kichomi kibaki kuwa jina la maumivu, na pia la ugonjwa wa utando unaofunika mapafu, ambako kinafaa hasa.

Neno ninalolipendekeza ni kipafu.

Tuanze na pafu, maana yupo mwandishi mmoja, simtaji, aliyepata kudai kwamba neno hilo ni mwigo wa sauti ya pumzi. Si hivyo. Wazulu husema iphaphu, Wachewa mapapo. Ni mzizi wa Kibantu wa kale, na f yetu inalingana na p yao ya pili. Tunalo neno letu, basi, la zamani kuliko kamati zote, na lina heshima sawa na ya wenzetu. Wagiriki waliyaita mapafu pleumon, kisha wakalibadilisha likawa pneumon kwa kulivutia kwenye kitenzi chao cha kupumua. Humo ndimo tabibu Hippocrates na wanafunzi wake walimopata jina la ugonjwa. Walatini walibaki na ile ya kwanza, pulmo. Waingereza na Warusi waliyaita mapafu kwa neno la wepesi, na mchinjaji yeyote aliyewahi kuyatupa majini yakaelea anajua kwa nini. Matabibu wa kale walioandika kwa Kiarabu, Ibn Sina akiwamo, waliuita ugonjwa huu dhat al-ria, yaani ule wa pafu, na ule wa utando wakauita dhat al-janb, ule wa ubavuni. Tazama walivyotenganisha: pafu huku, ubavu kule. Hakuna aliyeanza na joto.

Sasa ki-. Kiswahili kina ngeli inayokusanya maradhi bila kuombwa: kipindupindu, kichocho, kisonono, kiseyeye, kifafa, kiungulia, kichomi chenyewe. Utaratibu wake bora ni kuchukua kitu kinachohusika na kukivika ki-. Sukari ilipozidi katika damu hatukuunda "homa ya sukari". Tulisema kisukari, na leo neno liko kwenye milango ya kliniki nchi nzima. Kipafu kimefuata njia hiyo hiyo: pafu limeugua, ugonjwa ni kipafu. Mama akilisikia analisikia pafu ndani yake, na macho yake yanakwenda kifuani kwa mtoto kabla mkono haujaenda kwenye paji la uso.

Nimeambiwa kwamba kipafu ni pafu dogo. Pingamizi hilo lilitolewa kwa sauti ya ushindi na mjumbe ambaye, natumaini, hanywi chai yenye kisukari akidhani ni sukari kidogo. Kisukari ni ugonjwa, na ni ndizi tamu pia. Sijasikia muuza ndizi wa soko la Kasulu akishitakiwa kwa kueneza maradhi. Nikaambiwa tena kwamba kipafu kihifadhiwe kwa ajili ya vile vipuli vya hewa vilivyomo ndani ya pafu. Hivyo vinaitwa vifuko vya hewa, vimeitwa hivyo katika vitabu vya shule miaka yote, na ndivyo hasa vinavyojaa usaha mtu akipatwa na kipafu.

Ajabu ni kwamba watu hao hao wanaoogopa utata wa kipafu wanatuletea mkamba kwa ugonjwa wa njia kubwa za hewa, bila wasiwasi kwamba Mkamba ni raia mwema wa Machakos au Kitui. Mimi mkamba nalipenda na ningetamani madaktari walitumie. Lakini haki iwe kwa wote.

Lingine ni kwamba kipafu kinazaa, na homa ya mapafu haizai. Jaribu mwenyewe: kipafu cha bakteria, kipafu cha virusi, kipafu cha mtaani, kipafu cha wodini, chanjo ya kipafu. Mgonjwa wa kiharusi ambaye chakula kimemwendea njia ya hewa kisha mapafu yakaoza ana kipafu cha kupaliwa. Kiswahili kilikuwa na kupaliwa siku zote, lakini karatasi moja niliyoiona ilimpa "homa ya mapafu itokanayo na uvutaji ndani wa vitu". Vitu gani?

Na anayeona kwamba haya ni mambo ya walimu wa lugha, akumbuke mwanzo wa 2021, wakati wa janga la korona. Matangazo ya misiba yalijaa marehemu waliofariki kwa "changamoto ya upumuaji". Watu walizikana bila kutaja ugonjwa, kwa sababu lilipatikana fungu la maneno laini la kuufunika. Lugha yenye jina fupi na la wazi la ugonjwa wa pafu ingewapa waombolezaji angalau mahali pa kuanzia kuuliza.

Matumizi yenyewe hayana ugumu, na walimu wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanayajua kuliko mimi. Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima: 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, shuku kipafu na umpeleke kituoni siku hiyo hiyo. Sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani anapovuta hewa, akikoroma akiwa macho, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea asiamke vizuri, usingoje kuhesabu. Kipimo cha malaria kikionyesha anavyo vimelea, hilo halikiondoi kipafu. Anaweza kuwa na vyote viwili. Chanjo ya nimokoko, mmoja wa bakteria wanaoleta kipafu, imo katika ratiba yetu tangu 2013, hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu uliua watoto zaidi ya 740,000 wa chini ya miaka 5 duniani mwaka 2019.

Kwa hiyo nawaomba wahariri, watangazaji, na wale wanaochora mabango: andikeni kipafu, na mkiona haya, kiandikeni kwanza ubavuni mwa nimonia hadi watu wakizoee. Kamati nayo iendelee kupokea. Na msomaji mwenye neno bora kuliko hili alilete, tutalijadili kwa heshima zote, mradi lisianze na homa.