Sur: Mji wa Majahazi Unaokunywa Bahari

Misafara iliyopita Mamboya, bara ya Tanzania ya leo, karne ya 19 ikiteremka kwenda pwani ya Saadani ilibeba pembe za ndovu. Mzigo ulivushwa hadi Unguja, na huko majahazi ya Sur, Oman, yalingoja kusi yarejee nyumbani. Mamboya maji hushuka yenyewe kutoka milima ya Ukaguru. Sur haina mto utiririkao mwaka mzima, hivyo hunywa maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi.

Kiwanda kikubwa cha kwanza cha Oman cha kuondoa chumvi kilijengwa Ghubrah, Muscat, mwaka 1976. Kilichemsha maji ya bahari na kukinga mvuke, kazi inayokula nishati kupita kiasi.

Njia nyingine ilikuwa imeshapatikana Los Angeles. Karibu na mwaka 1960, Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan walitengeneza utando unaopitisha maji na kuzuia chumvi. Kwa kawaida maji baridi huvutwa kuelekea kwenye chumvi. Osmosisi kinyume huyarudisha kwa nguvu. Bahari husukumwa kwa shinikizo kama mara 30 ya upepo wa tairi la gari dogo. Zaidi ya nusu ya maji hayo hayapenyi utando; hutoka yakiwa na chumvi nzito, lakini bado yana msukumo. Zamani msukumo huo ulipotea bure. Siku hizi hupokezwa maji mapya yanayoingia, na lita 1,000 za maji safi hugharimu takriban uniti 3 hadi 4 za umeme.

Watu husifu utando. Kwangu mimi, mtihani wa msanifu ni mdomo wa kiwanda: kinywee wapi? Mwaka 2008 na 2009 mwani mwekundu ulifurika Ghuba ya Uajemi na Bahari ya Oman. Vichujio vikaziba, na viwanda kadhaa vikazimwa.

Kiwanda cha Sur, kilichoanza kazi mwaka 2009 kikitoa zaidi ya mita za ujazo 80,000 kwa siku, hakinyonyi bahari moja kwa moja. Kina visima vilivyochimbwa ufukweni. Maji hupenya kwanza kwenye mwamba, na uchafu mwingi na mwani huishia humo. Baadaye kikapanuliwa, visima vikaongezwa. Si kila pwani inaruhusu hivyo. Penye tope au mwamba usiopitisha maji, msanifu hana budi kutandaza mabomba hadi baharini na kulipia uchujaji mzito.